Vidonge vya Mkwe Wangu

Mheshimiwa mgeni rasmi. Daktari mkuu wa kituo chetu. Wauguzi na wahudumu wote. Ndugu wageni waalikwa. Kina mama wenzangu mlioketi kwenye mabenchi haya haya tunayosubiria zamu. Na nyinyi kina baba mliosimama mlangoni kana kwamba mmemsindikiza tu mtu: habari za asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeombwa kusema machache kwa niaba ya wateja wa kliniki ya mama na mtoto, tunapomuaga nesi wetu anayestaafu leo, huyu tuliyempachika jina la Mama Mizani kwa sababu hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajalia akining'inia kwenye mizani yake. Nilipewa karatasi yenye maneno mazuri, uadilifu, kujituma, moyo wa huruma. Nimeikunja, imo mkobani. Yaliyoandikwa ni kweli tupu, ila kuna jambo ambalo nisipolisema leo sitapata tena pa kulisemea.

Miaka mitatu iliyopita mwanangu, dereva wa lori, aliniachia mkewe akiwa na mimba ya kwanza. Kliniki ikampa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu, kimoja kila siku. Vikamchafua moyo. Kila akimeza, anakimbilia nje kutapika. Mimi, mjuzi wa mambo yote, nikamwambia, "Viache, mwanangu. Wewe bado kijana, damu unayo. Nitavirudisha kliniki." Akaniamini. Na kwa nini asimwamini mama mkwe anayemwonea huruma?

Sikuvirudisha. Nilivimeza mimi.

Naona mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Magoti yalikuwa yananiuma kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima, nikasikia hilo neno la kuongeza damu, nikasema kumbe dawa ninayo kabatini, nyuma ya kopo la sukari. Kila mwezi mkwe wangu alipewa pakiti mpya, akaulizwa kama anameza, akaitikia kwa aibu, akaniletea. Nami kila mwezi nikajiona nina nguvu za msichana.

Kipimo cha damu yake kikaanza kushuka. Kumi, tisa, kisha saba na kitu, na ilibaki miezi miwili ajifungue. Mama Mizani hakumgombeza. Alifunga kliniki, akaja kwetu kwa miguu, akaketi chumbani mwangu katikati ya vitambaa na nyuzi, akamuuliza maswali. Anakula nini? Chai anakunywa pamoja na chakula? Choo chake kina rangi gani?

"Cha kawaida tu," mkwe wangu akajibu.

Nami, kwa kuwa si kila siku nesi anakuja nyumbani, nikadakia. "Nesi, nisaidie na mimi. Choo changu kigumu, halafu cheusi kama makaa, mwezi wa pili huu."

Mheshimiwa mgeni rasmi, uniwie radhi, najua tumetoka kunywa chai. Wauguzi humu ndani wameshaelewa. Mtu akimeza vidonge vile, choo huwa cheusi, ndivyo vilivyo. Sasa cheusi kilionekana kwa bibi, na mwenye mimba hana habari.

Mama Mizani naye akaelewa. Akamtuma mkwe wangu jikoni akalete maji, kisha akaniuliza polepole, "Dada yangu, vilikusaidia?"

"Sana," nikamjibu, maana aibu ilikuwa bado haijafika.

"Huyu binti damu yake ni ndogo, na anagawana na mtoto. Siku ya kujifungua atapoteza nyingine. Atabaki na ipi?"

Hapo aibu ikafika. Nilimpenda yule binti, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa adui yake. Nilimpenda, na nilikuwa namuua taratibu huku nikimwambia apumzike.

Mama Mizani akampeleka kwa daktari, akaongezewa dozi, akafundishwa ameze akiwa ameshakula, kwa maji ya machungwa badala ya chai. Kutapika kukapungua. Mimi nikapimwa, damu yangu ikaonekana nzuri kuliko ya daktari. Magoti yalitaka kupumzishwa tu. Na kuhusu siri yangu Mama Mizani akaniambia, "Hii itabaki kwangu. Utaitoa mwenyewe siku utakayoweza."

Siku ya kujifungua mkwe wangu alitokwa na damu nyingi. Nilikuwa kwenye korido hii hii, nasikia viatu vya wauguzi vikikimbia. Alipona. Daktari akaniambia kwamba angekuja na damu ile ya saba, tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikaa sakafuni nikalia, na watu wakadhani ni furaha.

Kina mama wakwe wenzangu mnaojifanya kutafuta kitu mikobani, siwataji. Wapo wanaokataza vidonge wakisema mtoto atakuwa mkubwa mno, wapo wanaovigawa nyumba nzima kama peremende. Vile ni vya mwenye mimba na anayenyonyesha, basi.

Mama Mizani, miaka mitatu umekutana nami sokoni, ukanisalimia kama mtu mwema. Sikutaka ustaafu ukiwa bado umenibebea mzigo wangu. Nenda ukapumzike, dada yangu.

Mkwe wangu, haya unayasikia leo kwa mara ya kwanza, tena mbele za watu, na mtoto wa pili yuko kifuani ananyonya. Nilishindwa kukuambia jikoni tukiwa wawili, nikapata ujasiri kwenye kipaza sauti. Nayo hiyo ni aibu yangu. Sina la kujitetea. Nisamehe, mwanangu. Vidonge vyako vya mwezi huu viko pale ulipoviweka. Ukitaka kuvihesabu, vihesabu kila siku, sitanuna.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba nirudi nikakae. Nafasi yangu ni ile pale, kando ya mkwe wangu, kama bado ni yangu.