Kilima Kilichofunga Njia ya Beni

Asubuhi ile kilima kilikuwa kimeporomoka kando ya njia ya Beni na kufukia nyumba ya mfyatua matofali mmoja, yeye na mke wake wakiwa ndani. Katika taksi yetu kutoka Butembo hakukuwa na habari nyingine.

"Ni bale ba matofali," alisema Mama Séphora, mwenye sufuria ya maharage mapajani. "Kila siku banachimba mulima chini, alafu banashangaa ikianguka."

Jirani yake, Papa Kahongya, muuza mbao, akakohoa. "Hapana matofali, mama. Ni mvua. Huu mwaka Mungu alizidisha kabisa."

"Mvua ya Mungu, sawa. Mais, lakini, miti yenye ilikuwa inashikilia udongo, nani aliikata?"

Papa Kahongya akageukia dirisha, ingawa nje kulikuwa na ukungu mtupu. Baadaye akasema kwamba parokia yao imeshawaombea misa wale wanaochimba kuwatafuta waliofukiwa.

"Sisi Baprotestanti tuliomba pia," akajibu mama, "alafu tukapika. Maombi haishibishe mutu mwenye jembe."

Taksi ikasimama mbele ya tope. Wanaume waliokuwa wakichimba walikuwa wametulia kimya, na mmoja wao ameinua mkono: chini ya udongo kulisikika mtu akigonga.

Papa Kahongya akavua viatu, akashika sikio moja la sufuria.

"Mais ni mvua," akanong'ona.

"Tembea, papa," alisema Mama Séphora.