Jokofu la Maziwa ya Ngamia

Sogeeni karibu wanangu, Bishara kushoto kwangu, Abdiwali kulia, na wewe Abdiwali weka hiyo simu chini, anayekufa ni mimi, si huyo anayekupigia. Mjomba wenu Nunow yuko pale mlangoni, ndiye shahidi wangu, asije mtu kesho akasema mama alikuwa anaweweseka.

Ngamia na nyumba hii ya Garissa kadhi atavigawa kama dini inavyotaka, sina la kuongeza. Kinachoninyima usingizi ni lile jokofu la sola kwenye kibanda chetu cha maziwa sokoni. Ni mali yangu, nikifumba macho linaingia kwenye urithi, na fungu lako Abdiwali ni mara mbili ya la dada yako, nawe umeshasema utaliuza ununue bodaboda. Usikatae, nimekusikia kwa masikio yangu haya!

Hasira yako naijua ilikotoka. Siku kanjo, hao askari wa kaunti, walipotumwagia maziwa mbele za watu kwa sababu ya mitungi ya plastiki iliyopigwa marufuku, mimi nililia, wewe ukapigana nao ukalala ndani kwa ajili yangu, Mungu akulipe. Tangu hapo ukaapa hutaomba kibali cha mtu, ukawa unapitisha maziwa njia za panya. Lakini mtazame dada yako. Alizungushwa ofisi hii na ile, njoo kesho, njoo wiki ijayo, mpaka leseni ikatoka; akanunua mikebe ya alumini, akachemsha maziwa, akayapoza, na wateja wakayasusa, eti maziwa ya hospitali, hayana harufu ya moshi. Hata mimi niliyatema! Basi akaifukiza mikebe ile kwa vijinga vya moto, kama tulivyofukiza vyombo vyetu kule malishoni, afisa wa afya akaja akapima akaridhika, na wateja wakarudi. Wallahi, Bishara, nilijivunia wewe.

Nataka jokofu libaki kwa dada yako. Bila hilo atarudi kukimbizana na kanjo juani, kama mimi. Ila sharia hainiruhusu kumwusia mrithi zaidi ya fungu lake, isipokuwa mwenziwe aridhie kwa hiari. Kwa hiyo siamrishi, Abdiwali. Mimi niliyekuamrisha tangu unatambaa, leo nakuomba.

Nipe maji kidogo... basi, yatosha. Nizikeni mapema, msiwangoje jamaa wa Wajir. Maziwa ya asubuhi hiyo wapeni majirani. Mungu awape afya na riziki ya halali, awafanye mhurumiane. Nimewaridhia nyote wawili, nyote...

Hapana, Abdiwali, usiseme kitu. Kadhi ameniambia ridhaa ya leo haihesabiwi, inahesabiwa mimi nikiwa nimeshazikwa. Jibu lako sitalisikia, mwanangu. Mpe dada yako.