Elmire Lavergne, Aliyewatazama Farasi Baada ya Mstari

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi wa mazizini mliokuja na viatu vyenu vya kazi, familia inashukuru kuwaona, tunaomba mtulie kidogo tuwasimulie mwenzetu alikotoka.

Marehemu Elmire alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, hapa hapa nje ya Opelousas, Louisiana, mtoto wa nne wa mzee Aristile Doucet, mkulima wa mpunga, na mama Ozite, siku ya mvua kubwa, mkunga akakwama njiani, akapokewa na shangazi yake aliyekuwa akikanda unga. Alisoma kwa masista hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1960 mama yake alipougua.

Mwaka 1963 alipata kazi kwenye uwanja wa mbio, ya kuwatembeza farasi wakishakimbia, hadi jasho likauke na pumzi itulie, kazi ambayo wenzake waliiona ya kuchosha, yeye akaifanya shule, maana farasi wawili hufika pamoja, mmoja akakulemea begani kama mlevi, mwingine akakuburuta kwenye kokoto akitaka kurudi kukimbia tena. Ndipo alipoanza namna yake ya kubeti, ambayo hakufundishwa na mtu, kwamba watu wote wakipiga kelele kwenye mstari wa kumalizia, Elmire alikuwa amesimama mbele zaidi, kwenye kona, akitazama ni farasi gani bado anavuta hatamu na mpandaji anahangaika kumzuia, na huyo, hata akiwa wa sita, alimngoja mpaka aandikishwe mbio ndefu zaidi, hapo ndipo anaweka pesa yake, na asipoandikishwa haweki kitu.

Wanaume wa uzioni walimcheka, "Bibi wee, mbio zimeisha, huko konani unamtafuta nani, mume?" naye akawarudishia, "Ninyi mshangilieni aliyefika, mimi namtaka ambaye hajachoka." Agosti 1968 farasi jike wa kijivu alimaliza wa tano, wakachana tiketi zao wakimtukana hadi mama yake, na wiki tatu baadaye, mbio zilipokuwa ndefu, aliwaacha wenzake nyuma wakila vumbi, na pale uzioni hakuna aliyekuwa na tiketi yake isipokuwa Elmire. Mzee Clovis, aliyecheka kuliko wote, alivua kofia, "Binti, Jumamosi ijayo na mimi nisimame wapi?"

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970, katika kanisa hili, na Wilfred Lavergne, ambaye baba yake alimaliza mashamba yote kwenye farasi, na Wilfred alimwambia mapema, "Mimi nimeshalala chini kwa ajili ya farasi, silali tena." Elmire akajibu, "Nitabeti kwa mshahara wangu wa kutembeza farasi, pesa ya shamba siigusi, na siku ukinikuta nimeigusa, nguo zangu zitoe barazani." Walijaliwa watoto wawili, Bernadette mwaka 1972 na Curley mwaka 1975.

Mwaka 1986 bei ya mpunga ilianguka, benki ikaitaka ardhi, na Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima ni Wilfred mwenyewe aliyemfuata mkewe zizini na pesa ya mbegu mfukoni, "Elmire, nakuomba, tumwekee yule wa kahawia zote." Akamwambia, "Sijamwona akishapita mstari." "Mji mzima unasema anashinda!" "Huenda akashinda, Wilfred, lakini mimi sijamwona, na hiyo ni pesa ya shamba."

Farasi yule alishinda, ndugu zangu, alishinda vizuri sana, na watu wakaja mmoja mmoja kumweleza Wilfred kana kwamba hajui, ikabidi wauze shamba la kusini, wakabaki na nyumba na kipande cha mtoni, na Kwaresima nzima Wilfred hakumsemesha mkewe, mezani akawa anasema, "Bernadette, mwambie mama yako anipe chumvi," na mama amekaa pale pale. Elmire alilia akimenya kamba wa mtoni, akamwambia dada yake, "Afadhali anichukie ndani ya nyumba yake kuliko anipende barabarani." Siku ya Pasaka Wilfred aliinua kichwa, akasema mwenyewe, "Elmire, chumvi," na mambo yakaishia hapo, huyu hakuomba radhi, yule hakudai. Mwaka uliofuata watu walimwona Wilfred kwenye ile kona, kashika mwavuli wa mkewe.

Elmire alistaafu mwaka 2009. Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 2023, akalazwa mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani, na Jumamosi yake ya mwisho alitazama mbio zote kwenye televisheni, Wilfred akamuuliza, "Vipi, mama?" akasema, "Leo hamna kitu, zima." Alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 18 Februari 2024, akiwa na miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika bila kuulizwa, Padri wetu, na wafanyakazi wa mazizini waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Wilfred ameomba lisomwe neno hili ambalo hakuwahi kumwambia mkewe: "Elmire, ungekubali siku ile tungeshinda, na mimi ningerudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, kama baba. Ulinikatalia, ndiyo maana leo nimetoka nyumbani kwangu kuja kukuzika."

Nenda mama, umetulinda vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.