Miaka Thelathini na Minane ya Macho ya Shangazi Khenti

Baada ya kulichorea gazeti letu hili la watoto katuni kwa miaka thelathini na minane, Bwana Bhabatosh Sarkhel anastaafu tarehe 14 Aprili, siku ya mwisho ya mwaka wetu wa Kibengali.

Alifika hapa Kolkata na kalamu mbili na suruali moja ya heshima. Mwaka huohuo akamzaa kwa wino Shangazi Khenti, mjane mwenye ulimi mkali, pamoja na mbuzi wake mla magazeti. Mimi niliajiriwa kuyaandika kwa mkono maneno yao kwenye michoro. Mwandiko wangu aliufananisha na kunguru walevi, naye hakukosea sana.

Alikuwa na mwiko mmoja. Macho aliyaacha mpaka mwisho, kama wafinyanzi wa sanamu za mungu wetu wa kike Durga, kisha alioga na kuyatia yote bila kuinuka. Mwingine yeyote asiguse. Niliwahi kujaribu jicho la mbuzi tu. Akaliangalia, akaniuliza, "Nitai, mdogo wangu, huyu mbuzi amefiwa?"

Miaka miwili sasa, katikati ya kila anachokitazama pana doa jeusi. Madaktari wamesema halitoki. Alichotaka ni kimoja: ukurasa wa mwisho wa Shangazi utoke kwa mkono wake. Wiki iliyopita aliuleta, nywele bado zimelowa.

"Macho yamekaa sawa?"

Moja lilikuwa shavuni. Mawili yalielea juu ya paa. Mbuzi hakupata hata moja.

"Yamekaa, Kaka."

"Basi usiyaguse. Navijua hivyo vidole vyako."

Nikaapa. Alipoondoka, mhariri akasema watoto hawawezi kupewa ukurasa ule. Nikachukua rangi nyeupe, nikayafuta, nikachora yangu. Ndiyo mtakayoyaona katika toleo la mwaka mpya. Shangazi anatazama kama samaki wa juzi.

Shemeji Anima, wewe unayemsomea mumeo kila kitu, nakuomba umsomee mpaka pale pa mbuzi aliyefiwa, kisha uruke hadi hapa:

Kaka Bhabatosh, asante kwa miaka yote. Tunakuombea siku njema nyumbani, chai isiyopoa na samaki asiye na miiba. Ukurasa wako umekwenda kiwanda cha uchapaji kama ulivyouacha. Hakuna aliyeugusa.