Meno Yaliyokuwa Bado Chini ya Ufizi

Nawasalimu nyote, mama zangu na wazee, na nyinyi mliokaa karibu na mlango mkihofia nitakuwa mrefu. Leo tumefunika tangi la mwisho la kikundi chetu, na mwenyekiti amesema mmoja wetu aliyefaidika aseme neno. Nimesimama kabla hajamtaja mwingine.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sikukaa mahali. Nimepakia mchanga, nimechoma matofali, nimefuata mbuzi kutoka hapa Ikutha hadi Wote. Kazi ya mbuzi niliipenda kwa sababu mbuzi hadanganyi umri. Unamfungua mdomo, unaangalia meno aliyobadilisha, na mwenye mbuzi akikuambia bado ni mchanga unamwonyesha. Vinywa vya mbuzi nimefungua vingi. Changu ndicho nilichokifunga.

Hapa nyumbani sikujua nina shida. Meno yangu yalikuwa ya kahawia, yana mabaka kama chokaa na vishimo vidogo, lakini nani hapa hakuwa nayo? Sisi tuliolelewa na maji ya kisima cha mashine tulifanana kama ng'ombe wa boma moja. Niligundua nilipopanda Nunguni kuchumbia. Kule juu kuna baridi na chemchemi, na watu wana meno meupe. Nilicheka mzaha wa kwanza tu, mjomba wa msichana akaniangalia mdomoni vile mimi humwangalia mbuzi.

"Kijana, unatafuna miraa?"

"Hapana, mzee."

"Sigara?"

"Sijawahi."

"Basi mswaki unausikia kwa majirani."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Msichana hakucheka, na ndiye mke wangu yule pale. Lakini mimi niliteremka ule mlima na mkono mdomoni, na ndugu zangu, nawaambia, ule mkono ulikaa hapo miaka. Nilisugua meno kwa jivu, kwa mchanga, mwisho kwa msasa wa fundi seremala. Rangi haikutoka. Kilichotoka ni ngozi ya jino, nikawa siwezi kunywa maji baridi. Hapa kanisani mlidhani naimba. Nilikuwa navuma tu kama nyuki, midomo imefungwa.

Maumivu ya msasa ndiyo yaliyonifikisha kwa daktari wa meno huko Wote, dada mmoja mpole. Watu wote walikuwa wameniuliza nimevuta nini. Yeye aliniuliza, "Ukiwa mtoto, ulikunywa maji ya wapi?"

Nikamwambia. Akaniambia kwamba katika mawe ya sehemu nyingine za huku kwetu kuna madini yanayoitwa floraidi. Yakiwa kidogo hukaza jino, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya meno. Yakizidi wakati jino bado linatengenezwa, ile ngozi ngumu ya nje inaumbwa vibaya, na jino linaota likiwa tayari na madoa. Si uchafu, wala si laana. Hakuna msasa wa kuondoa kitu kilichoingia wakati wa kuumbwa.

Sasa mnajua mimi na maswali. Nilimuuliza kama meno huharibiwa na maji tu. Akasema hapana. Kuna koo ambazo meno fulani hayaoti kabisa, au ngozi ya jino ni laini tangu kwa babu. Kuna watu huota jino la ziada, linachomoza katikati ya mengine au juu kwenye kaakaa. Mwingine aliugua sana au alikosa chakula akiwa mdogo, meno yakabaki na mistari. Na kuna watoto wachanga waliochokorwa ufizi kung'olewa yale watu huita meno ya plastiki, eti yanaleta kuhara, kumbe ni mbegu za meno yenyewe.

"Na yote yanatibika?"

"Hayarudi kuwa kama hayakuharibika," akasema, "lakini hakuna hata moja lisilo na la kufanya."

La ziada hung'olewa. Lililokosekana huwekewa la bandia, na dhaifu huvalishwa kofia. Yangu aliyasugua kidogo kwa dawa, akayafunika kwa kitu cheupe kinachogandishwa kwa taa ya buluu. Siku ile alimaliza mawili ya mbele, akanipa siku ya kurudi. Nilikuwa nimeshaanza kushuka kwenye kiti aliponiuliza, "Una mtoto?"

"Binti. Ameanza tu kutembea."

"Basi meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa, chini ya ufizi."

Nikarudi kukaa. "Lakini sisi humchemshia maji," nikasema kwa fahari. "Mama yangu huyachemsha hadi yapungue nusu sufuria."

Akaweka kalamu chini. "Kuchemsha kunaua viini vya magonjwa. Madini hayafi. Maji yakipungua, madini yanabaki yote." Kisha akauliza kuhusu magadi, ile tunayotia katika isyo ili mahindi na maharagwe yalainike haraka. Nayo huwa na floraidi nyingi.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama anachemsha. Nilimweleza pole pole. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuharibu meno."

"Mwaitu, maji mengine yalikuwa wapi? Kile kisima kilitupa uhai."

Akachochea moto. "Na isyo bila magadi itaiva mwaka gani?"

"Loweka tangu jana yake."

"Wewe uliyekimbia darasa la sita ndiye unanifundisha isyo?"

Lakini magadi haikuingia tena. Yalibaki maji. Tulihitaji tangi la mvua, na mnajua utaratibu wa mwethya wetu: tunajenga kwa zamu, kila mtu kwa mwenzake. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa haki, maana siku nyingi za kazi mlichimba mimi nikiwa njiani na mbuzi. Kungoja zamu ile kulikuwa kungoja meno ya mtoto yamalize kuumbwa na maji yale yale.

Kwa hiyo niliomba kusema katika kikao chetu. Niliondoa mkono mdomoni nikafungua, meupe mawili katikati ya kahawia. Mama mmoja akasema, "Huyu amebadilisha mawili tu. Bado mchanga, msimnunue." Mkacheka, na mimi nikacheka, mdomo wazi. Kisha nikawaambia: nyinyi mnaochinja, mkipasua taya la mbuzi mdogo, mnaona nini chini ya meno yake? Mnajua. Jino la pili limelala pale, linangoja. Nikasema, la binti yangu limelala hivyo leo.

Aliyekuwa na zamu iliyofuata ni mama yule yule wa mzaha. Mawe na mchanga vilikuwa vimeshafika kwake. Alisimama, akafunga leso vizuri kiunoni. "Mjukuu wangu yake yameshaota," akasema. "Ya wako bado. Hamisheni mchanga."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoacha kuzurura. Tangi lilijaa kwa mvua za mwisho wa mwaka. Maji ya kisima yakabaki ya mifugo na kufua, kisha tukayapeleka kupimwa na kila mtu akajua yana floraidi iliyozidi.

Mwezi uliopita binti yangu aling'oka jino la mbele. Akataka kulirusha juu ya bati, kama tulivyorusha sisi. Bibi yake akamshika mkono: "Hapo ndipo maji yanapopita. Unataka tunywe jino?" Likarushwa juu ya nyasi za zizi la mbuzi. Wiki iliyopita nilimfungua mdomo kuangalia, naye akaniuma kidole. La ukubwani limechomoza. Ni jeupe, lina makali kama msumeno mdogo.

Namshukuru yule daktari. Nawashukuru nyinyi mliochimba kwangu siku nisizowachimbia. Mama yangu, asante kwa kuchemsha na asante kwa kuacha. Ninalowaachia ni fupi: ukiona mtoto ana meno mabaya, usimcheke wala usimsugue. Uliza alikunywa nini, aliugua nini, na ukoo wao ukoje, kisha mpeleke kwa daktari.

Na wewe mama uliyetoa zamu, tumeshaongea na mjukuu wako, anayeongoza nyimbo kwa kiganja mdomoni. Amekubali. Jumatatu tunaenda naye Wote, mimi, wewe na yeye. Jumapili akisimama hapa kuongoza, mikono yake yote miwili iwe ya kupiga makofi.