Mama Kimya na Dakika Iliyookoa Kozi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watu kusikiliza, mhadhiri mwandamizi wa Idara yetu ya Teknolojia ya Sauti anastaafu. Jina lililoandikwa mlangoni kwake halitumiwi na mtu. Chuo kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi Makamu Mkuu wa Chuo, kinamwita Mama Kimya. Mgeni akilisikia jina hilo hutarajia mtu mpole wa kunong'ona. Kisha humsikia akicheka kutoka ghorofa ya pili, akajua kaingizwa mjini.

Jina alilipata kazini. Kila chumba, hutufundisha, kina kimya chake: feni inayozunguka, taa inayovuma, gari linalopita barabara ya mbali. Ukimrekodi mtu akakohoa, kikohozi unaweza kukikata, lakini panabaki shimo, na sikio la msikilizaji hutumbukia humo. Dawa ni kuliziba kwa kimya cha chumba kilekile. Kwa hiyo kila tukimaliza kurekodi, darasa zima hutulia kama maji mtungini kwa dakika moja, mashine ikiendelea kunasa hicho kimya. Ole wako upige chafya.

Tulianzia pabaya. Studio ya kwanza ilikuwa stoo ya madawati mabovu, yenye mwangwi wa kisima. Mama Kimya akawashawishi wanafunzi walete magodoro ya bweni, wakayapanga ukutani nyuma ya pazia lililoshonwa na mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Mwangwi ukaisha. Mlezi wa bweni alizunguka wiki nzima akiwasaka wezi wa magodoro, na kila alipoingia studio kuuliza, alisifu jinsi sauti yake ilivyosikika vizuri humo ndani.

Mzaha uliisha mwaka wa nane. Wanafunzi tulibaki sita, na kamati ya chuo ikaona hakuna sababu ya kutoa shahada ya kubonyeza vitufe. Kozi ingefungwa. Ilibaki kamati itembelee studio asubuhi moja, kwa heshima tu, kisha tangazo libandikwe. Mama Kimya alikaa siku tatu bila kucheka, na jengo lote likawa kama lina msiba. Sisi sita hatukujua tungehamia wapi.

Wajumbe wakaja na suti zao. Mama Kimya akamrekodi mwenyekiti akisoma habari ya gazeti, na mwenyekiti alipomaliza mstari wa mwisho, Mama Kimya, kwa mazoea ya kazi, akatangaza: "Sasa ndugu zangu, tusimame kimya kwa dakika moja." Hakueleza kwa nini. Kwetu jambo hilo halielezwi.

Wajumbe wakasimama, wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akavua miwani. Mhasibu wa chuo akafumba macho na kukunja mikono. Dakika ilipokwisha, mwenyekiti alimwendea Mama Kimya, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitikia kwamba ahsante, tumeshapoa. Akageuka, akaifungulia ile dakika kwenye spika kubwa.

Kwanza likasikika tumbo la mwenyekiti, likinguruma kama la mtu aliyeondoka nyumbani bila hata chai. Ukafuata mnong'ono wa mhasibu: "Kwani kafariki nani?" Mjumbe wa pembeni yake akamjibu: "Hata sijui. Nadhani ni hii kozi."

Watu wakakosa pa kuficha nyuso. Aliyeanza ni Mama Kimya mwenyewe: kicheko alichokibana siku tatu kikatoka chote, mwenyekiti naye akavunjika mbavu hadi akaegemea meza. Alipopata pumzi, aliomba tumbo lake lifutwe. Mama Kimya akaikata ile ngurumo, akaziba shimo kwa kimya cha chumba, akafungulia tena. Hakuna aliyesikia kiraka. Mwenyekiti akauliza kama hata mtu wa umri wake anaweza kufundishwa ufundi huo. Akajibiwa kwamba anaweza kabisa, ila huchukua miaka mitatu, na kozi yenyewe ndiyo hii wanayotaka kuifunga.

Tangazo halikubandikwa. Leo mwaka wa kwanza peke yake wanagombania viti, na waliopita mikononi mwake wamejaa redioni, kwenye kumbi za mikutano na nyuma ya majukwaa ya muziki. Wengine, kama mimi, tumerudi kufundisha hapahapa.

Mumewe ametuomba chuo kimpe mkewe japo vipindi viwili kwa wiki, maana nyumba yao ni ndogo na yeye ana masikio mawili tu. Katika mazungumzo hayo akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Mwaka ule wa kamati, chuo kingine kilikuwa kimemwita Mama Kimya, kwa cheo kikubwa zaidi. Alikataa. Aliwaambia hawezi kuhama, ana watoto sita bado wanasoma.

Nyumbani kwao watoto ni wawili.

Mama, tunakushukuru, na tunakupenda. Kapumzike kwa afya na furaha, ucheke mpaka majirani wazoee. Wanao sita wote tulimaliza shule.