Sinema ya Mikweche: Tunamsindikiza Mama Waya

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye na mtoto mgongoni aketi. Leo tunamsindikiza mtu wetu.

Mama Waya ametutoka. Fundi wa umeme wa magari, mwanzilishi wa Sinema ya Mikweche, ametutoka Jumanne alfajiri katika zahanati iliyopakana na gereji yake. Tumemzika Alhamisi. Leo ni Jumamosi, siku yake, na saa yake inakaribia.

Mama Waya hakuwa fundi wa injini. Alikuwa fundi wa umeme. Taa, honi, redio, betri. Alizungusha kipande cha waya mkononi kama wenzake wanavyovaa bangili, jina likamganda. Uwanja wa gereji yake ulijaa magari yaliyokufa. Mtu alileta gari, likashindikana, akaondoka akisema atarudi. Harudi. Mikweche ikapanga foleni mpaka kwenye ukuta wa ghala la nafaka.

Siku moja mvua ilinyesha, wateja wakajibanza ndani ya mikweche ile. Kinyozi wa jirani akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele: "Mama Waya, hapa panakosekana sinema tu!"

Watu wakacheka. Mama Waya hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa ghala.

Wiki iliyofuata ukuta ukapakwa chokaa. Projekta ikaazimwa shuleni. Spika mbili kubwa zikasimamishwa, mji mzima ukaja. Katikati ya sinema ya kwanza, mkunga wa zahanati akatokea, mikono kiunoni.

"Mama Waya! Nina mzazi mle ndani, anahangaika kuleta kiumbe duniani, na wewe unampigia mizinga ya vita? Zima!"

Akazima. Mwingine angekunja virago. Yeye alikuja hapa redioni na ovaroli yake ya grisi, akamwambia meneja wetu: "Mkimaliza taarifa ya habari ya jioni mnafunga, mnakwenda kulala. Hewa mnaiacha inakaa bure. Niazimeni Jumamosi."

Meneja wetu hajui kukataa akitazamwa machoni. Akakubali.

Ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa. Picha ukutani, sauti hewani, kwenye masafa haya haya unayoyasikiliza sasa. Kila mkweche aliupa betri na redio. Sinema ya magari, katika mji ambao wenye magari unawahesabu kwa vidole! Hukuhitaji gari. Hukuhitaji kiingilio. Ulihitaji kuwahi kiti. Mimi nimekulia kiti cha nyuma cha teksi isiyo na magurudumu, tumebanana kama njiti za kiberiti, na mjomba wangu ameshika usukani: "Abiria, tulieni, naingia kona!"

Sinema ikiisha, hatukupiga makofi. Tulipiga honi. Lakini mkunga aliruhusu honi moja tu. Moja, ya gari moja. Kwa hiyo kila Jumamosi Mama Waya alichagua mkweche mmoja, na waliokuwa ndani yake walitembea vichwa juu wiki nzima.

Sasa sikilizeni habari ya pikapu.

Mstari wa mbele, upande wa kushoto, ilikuwapo pikapu ya bluu. Viti vyake vizima, vioo vyake safi. Hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Hata siku watu walipoketi chini kwa kukosa nafasi, pikapu ile ilibaki tupu. Ukiuliza, Mama Waya alikujibu kwa maneno mawili: "Ina mwenyewe."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la gereji, kuna karakana ya seremala. Seremala yule ni kaka yake Mama Waya. Baba mmoja, mama mmoja. Na kwa muda wote ambao mimi nina akili, sikuwahi kuwaona wakisalimiana.

Pikapu ilikuwa ya baba yao, msambazaji wa mikate. Mzee alipofariki, pikapu nayo ikagoma. Mama Waya, wakati huo msichana aliyekuwa bado anajifunza kazi, akaifungua injini ili aifufue. Alishindwa hata kuirudishia. Kaka yake alikuta vyuma vimetandazwa chini, akasema mbele ya ukoo mzima: "Baba amekufa mara mbili, na mara ya pili umemuua wewe."

Naye dada mtu akajibu: "Wewe uliyekuwa unaona uvivu hata kuiosha, leo ndiyo unalia?"

Ulimi hauna mfupa. Pale pale wakaachana. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani walilima, wakavuna, wakalima tena. Hawa wawili hawakupatana. Barabara yenyewe ni nyembamba, ukirusha kandambili inavuka.

Kisha Mama Waya akaanza ile tabia yake. Mnaikumbuka. Alishika kipaza sauti na kuingilia sinema, hasa pale waigizaji wasipozungumza. "Mwanamke amefungua dirisha. Nje mvua. Ana kofia ya mumewe mkononi, anainusa."

Sisi tukawa wakali. Kinyozi ndiye aliyekuwa kiongozi wa upinzani: "Mama Waya, tunaona! Macho tunayo!"

Naye akamjibu hewani, mji mzima ukisikia: "Kama unaona, nyamaza. Yupo asiyeona."

Mkunga alidhani anawasimulia wagonjwa wodini. Sisi watoto tulimtafuta kipofu gari kwa gari, tusimpate. Mwishowe tukazoea.

Jana nilikwenda kwa mzee seremala. Radhi nilishamwomba, naye ameniruhusu kusema. Kwenye rafu ya karakana yake, katikati ya makopo ya gundi, ipo redio ndogo.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "niliapa uwanja ule siukanyagi. Lakini redio haina uwanja. Kila Jumamosi nilifunga mlango, nikasikiliza. Sinema zote nimezisikiliza. Sikuwahi kuona hata moja."

Mama Waya alijuaje? Binti yake, anayeendesha projekta, alinieleza. "Mama alikuwa anaunga waya pale langoni. Kwenye sinema ukapita mzaha wa maneno, wa sauti ya chini, sisi hatukucheka, tulikuwa tunasogeza viti. Ng'ambo, ndani ya karakana iliyofungwa, akacheka mtu mmoja. Mama akasimama na koleo mkononi. Akasema, 'Huyo ni kaka.' Jumamosi iliyofuata akashika kipaza."

Nikamuuliza mzee: "Babu, ulijua kwamba anakusimulia wewe?"

Akapangusa vumbi la mbao mezani, mahali ambapo halikuwapo. "Siku ya kwanza tu. Nilipokuwa mdogo niliugua macho, nikafungwa kitambaa. Yeye alikaa nami mlangoni ananiambia nani anapita. Sauti ile ile."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Kiburi, mjukuu wangu. Kila wiki nilisema wiki ijayo."

Tufike Jumamosi iliyopita. Mama Waya alikuwa anaumwa kifua, sisi sote tulijua. Sauti ilikuwa imebaki uzi. Sinema ilihusu mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka vitani. Ikafika mahali hakuna maneno. Redioni ni upepo mtupu. Mama Waya akainua kipaza, akakohoa, akakishusha.

Mzee anasema: "Nikasikia upepo. Nikangoja aniambie. Hakuniambia. Mdogo wangu hajawahi kuniacha gizani. Nikavaa viatu."

Akavuka barabara. Akaingia langoni. Akapita katikati ya mikweche, na kinyozi yule yule, ambaye hana breki mdomoni, alimwona, akampisha njia. Mzee akafungua mlango wa pikapu ya baba yake. Akakaa upande wa dereva.

Binti akamgusa mama yake bega. Mama Waya alikuwa ameshaona. Alimwambia maneno haya, binti ameyakariri: "Zima kipaza. Leo hakuna asiyeona."

Sinema ilipoisha, Mama Waya alinyoosha mkono kuelekea pikapu. Honi ya wiki ile ilikuwa yake. Injini ile hakuifufua mpaka anakufa, wasikilizaji wapendwa. Lakini taa aliziwasha. Redio aliitengeneza. Na honi aliirudisha vile vile ilivyokuwa. Kaka yake aliibonyeza, na wazee wetu wakageuka wote kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa honi ya mikate. Honi ya baba wa hawa wawili akirudi nyumbani.

Natamani niwaambie kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mama Waya alibebwa kutoka kwenye kiti chake kwenda zahanati usiku ule. Mzee alifika asubuhi, akamkuta amelala, hajitambui. "Nilikuwa na maneno mengi," anasema. "Nikasema nitamwambia akiamka."

Hakuamka.

Jeneza mzee alilitengeneza mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine ashike randa.

Kwa binti yake, kwa mzee seremala na ukoo wote, sisi wa redio hii tunasema poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na wewe unayenisikiliza, kama ng'ambo ya barabara yako yupo mtu, usingoje aamke. Vaa viatu.

Sasa saa imefika. Binti amewasha projekta. Familia imeamua sinema iendelee, na mzee ameomba jambo moja, nalo amepewa: kipaza sauti. Atakaa ndani ya pikapu, na pale wasipozungumza, atasimulia yeye.

Kwa hiyo wewe uliye uwanjani, mwenye macho yako mawili, ukimsikia mzee anasema mlango umefunguliwa na wewe unauona umefunguliwa, usimpigie kelele kwamba tunaona. Nyamaza.

Hasemi na wewe.